Bilauri, Akiki na Vumbi la Mazeras

Hotuba hii niliitoa katika ukumbi wa Tononoka, Mombasa, mbele ya vijana wanaookota mawe, wachonga mawe, walimu na wazazi. Waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe. Nayaweka yote kama nilivyoyasema, bila zile picha nilizoonyesha ukutani.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na mifuko ya mawe mapajani: hamjambo? Asalamu aleikum. Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kuja na jua lote hili.

Nianze kwa swali. Nani hapa ana saa ya ukutani nyumbani kwake? Inueni mikono. Naam, karibu nyote. Sasa, nani amewahi kulisoma lile neno dogo lililoandikwa usoni mwa saa, chini ya mishale? Neno lile, Quartz, ni jina la jiwe, nasi kwa Kiswahili tunaliita kwatsi. Ndani ya saa mna kipande kidogo cha kwatsi, na kikipata umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Saa inaihesabu mitetemo hiyo, na kila ikitimia hesabu, mshale unasogea hatua moja. Kwa hiyo mnaamka kwa jiwe. Mnawahi kazini kwa jiwe. Na jiwe lilo hilo mnalikanyaga kila siku, mkalipita kama msilolijua.

Leo sikuja kuzungumza juu ya dhahabu. Sikuja kuzungumza juu ya titani ya Kwale. Nimekuja kusema habari za kwatsi, jiwe la silikoni na oksijeni basi, vitu viwili tu, na ambalo ni miongoni mwa madini yaliyo mengi kabisa katika ardhi ya nchi kavu. Jiwe moja, nyuso nyingi. Nataka mkitoka hapa muwe mnazijua nyuso zake.

Mtaniuliza: mwalimu, kwatsi hiyo iko wapi hapa Mombasa? Hapa tulipoketi hakuna ya kutajika. Kisiwa chetu cha Mvita kimekaa juu ya matumbawe, mawe yaliyojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliisimamisha juu ya mwamba huo huo wa matumbawe, na kuta zake ni mawe ya matumbawe. Ni jiwe zuri, lakini si kwatsi. Mnataka kuhakikisha? Okota kipande uani kwako, si pale ngomeni tafadhali, kikwaruze mpaka kitoe unga, kisha kamulia ndimu. Unga utatoa povu. Kamulia ndimu hiyo hiyo juu ya kwatsi, nayo itabaki kimya kama hukuifanya kitu.

Sasa pandeni matatu pamoja nami. Tumevuka Makupa. Tumepita Changamwe, tumepita Miritini, na huku kote chini yetu ni mwamba wa tope, laini, unaomomonyoka ukishikwa na mvua. Barabara inaanza kupanda. Tukifika Mazeras udongo umebadilika: ni mchanga, wekundu na manjano, na kandokando ya njia mawe bapa yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Mawe ya Mazeras! Hakuna Mkenya asiyeyajua. Yako kwenye sakafu za hoteli, kwenye njia za bustani, kwenye kuta za nyumba za watu Nairobi. Je, mmewahi kuchukua kipande kimoja mkakitazama kwa lenzi? Mtaona punje. Punje maelfu kwa maelfu, na nyingi kati ya hizo ni kwatsi. Mito ilizileta na kuzitandaza hapo takribani miaka milioni 200 iliyopita, wakati kisiwa cha Madagaska bado kimegandana na Afrika. Ile rangi nyekundu na ile ya manjano ni kutu ya chuma iliyoshika baina ya punje. Punje zenyewe, ukizisafisha, ni nyeupe.

Hata ule mchanga wa Kwale, uliochimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2024 kwa ajili ya madini mazito meusi ya titani, asili yake ni mawe ya namna hii yaliyomomonyoka. Madini mazito yalichambuliwa yakapakiwa melini. Mchanga uliobaki, ulio mwingi zaidi, ulikuwa kwatsi.

Mimi ni mtoto wa Mazeras. Baba yangu alikuwa mchonga mawe. Lakini jiwe la kwanza kulipenda nililiona kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa na kijaluba cha tambuu. Ndani yake, kando ya chokaa na karafuu, alikuwa na jiwe jeupe unaloweza kuona ndani yake, refu kama kidole, lenye pande sita na ncha iliyochongoka. Babu aliliokota Taita alipokuwa kibarua wa reli huko Voi. Sisi wajukuu tukishikwa na homa, bibi alilitoa akatuwekea shavuni. Baridi yake! Hata mchana wa kaskazi lilikuwa baridi. Akituambia, “Hii ndiyo bilauri yenyewe.” Nasi tukishangaa, kwa sababu bilauri tuliyoijua ni ya kunywea maji.

Mama zangu, nyinyi mgeni akiingia mnampa maji kwa nini? Kwa bilauri. Basi jueni kwamba kabla neno hilo halijawa la chombo lilikuwa la jiwe. Bilauri ni kwatsi iliyo safi, isiyo rangi. Watu walichonga vyombo kwa jiwe hilo, na vyombo vya kioo vilipoenea vikarithi jina. Bibi yangu hakusoma darasa hata moja, lakini alilijua neno kwa maana yake ya kwanza.

Na habari hii haiishii kwenye kijaluba cha bibi. Miaka 1,000 hivi iliyopita mwanachuoni al-Biruni aliandika juu ya mawe, akasema kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, ikachongwa huko ikawa vyombo. Zanji ni wapi? Ni pwani hii. Ni sisi! Huko Dembeni, kisiwani Mayotte, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vingi vya bilauri katika mji wa zama hizo hizo, bilauri iliyotoka Madagaska. Na mjini Venice, katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko, liko birika la bilauri lililochongwa Misri kwa jiwe moja, lina jina la khalifa al-Aziz aliyetawala kuanzia 975 hadi 996. Wapo wataalamu wanaoona kwamba bilauri ya mafundi wale wa Misri, walau sehemu yake, ilipita katika bahari hii yetu. Mimi naungana nao. Nikilitazama birika lile katika picha naona jahazi, naona pepo za kusi, namwona baharia aliyejua anachobeba.

Tulikijua. Sasa mbona hatukijui?

Akiki nayo je? Nendeni Mji wa Kale, mtazame mikono ya wazee barazani. Pete ya fedha, jiwe jekundu kama tunda la kahawa lililoiva mtini. Chanda chema huvikwa pete, wakasema wahenga, na mimi naongeza kwamba pete njema huvikwa akiki. Watu wengi wanadhani akiki na bilauri ni mawe mageni kwa kila hali. La. Ni ndugu wa tumbo moja. Akiki pia ni kwatsi, ila fuwele zake, yaani vijipande vinavyoijenga, ni nyembamba mno, zimesukana kama nyuzi za kitambaa, jicho halizioni. Wekundu wake ni kutu ya chuma, kutu ile ile ya mawe ya Mazeras. Mafundi wa Khambhat, huko Gujarat, walijua tangu kale kuitia akiki katika vyungu na kuioka kwa moto wa taratibu ili wekundu ukolee. Shanga zake zikapakiwa majahazini, zikaja na kaskazi. Zimefukuliwa Gedi. Zimefukuliwa Shanga, kisiwani Pate.

Ndugu zangu Wakristo, mkisoma Ufunuo, mlango wa 21, mna mawe 12 ya misingi ya mji. Hesabuni: yaspi, kalkedoni, sardoniki, akiki, krisopraso, amethisto. Sita katika hayo 12 ni kwatsi kwa majina tofauti.

Tofauti zinatoka wapi? Katika uchafu mdogo sana. Mtanisamehe kutumia neno uchafu, maana ndio unaolipamba. Chuma kidogo ndani ya fuwele, pamoja na mnururisho wa miamba, yaani miale yake isiyoonekana, kwa miaka mingi, hutoa zambarau ya amethisto. Alumini kidogo hutoa kwatsi ya moshi, kahawia mpaka nyeusi. Vitone vya maji visivyoonekana, vilivyofungiwa ndani, huifanya iwe nyeupe kama maziwa, na hiyo ndiyo mtakayoikuta zaidi katika mishipa ya miamba ukielekea Voi na Taita. Amethisto ukiichoma moto sana hupoteza zambarau, mara nyingi ikageuka manjano. Kwa hiyo, ukiuziwa jiwe la manjano, uliza limepita motoni au halikupita.

Na hapo nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Kijana mmoja jirani yangu Mikindani aliuza bodaboda yake. Aliiuza ili anunue mawe sita ya kijani. Aliambiwa ni tsavorite, jiwe lililopewa jina la Tsavo yetu mwaka 1974, jiwe ghali kweli kweli. Aliyemuuzia alikuwa na mizani, alikuwa na karatasi nyeupe zilizokunjwa vizuri, alikuwa na maneno matamu. Kijana aliniletea nimpongeze. Nikatoa lenzi yangu ya kukuza mara 10, nikatazama. Ndani ya kila jiwe mlikuwa na vitone vya hewa, vya duara, vimepangana kama povu la sabuni. Nikampa lenzi atazame mwenyewe. Akatazama la kwanza, la pili, la tatu. La nne hakulitazama. Ilikuwa chupa, ndugu zangu. Chupa iliyoyeyushwa. Miaka miwili ya kuamka alfajiri na kubeba abiria iliishia katika vipande sita vya chupa.

Nani alimfundisha kijana yule kutofautisha jiwe na kioo? Hakuna. Nani angemfundisha? Mimi, niliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Hilo ndilo lililoniumiza.

Basi sikilizeni, na vijana andikeni. Jiwe lisilochongwa, lijaribu. Kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile kinachoanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi. Kioo na kisu cha kawaida viko karibu na 5 na nusu. Kwa hiyo kwatsi hukikwaruza kioo bila taabu, na kisu hakiikwaruzi kwatsi. Jiwe la matumbawe liko kwenye 3 tu, kisu hulichimba. Likivunjika, tazama pale lilipovunjika: kwatsi haikatiki kwa bapa nyoofu, hubonyea kama sehemu ya ndani ya kombe. Lakini angalieni, kioo nacho huvunjika hivyo hivyo, kwa hiyo dalili moja haitoshi. Tumieni lenzi. Na lenye kung'arishwa tayari msilikwaruze hata mara moja, mtaliharibu. Hilo liwekeni shavuni. Naam, shavuni, kama alivyofanya bibi yangu. Kwatsi hupitisha joto haraka kuliko kioo, huliondoa mwilini, ndiyo maana unaihisi baridi zaidi. Mimi nilisoma hayo katika vitabu nikiwa mtu mzima. Bibi aliyajua kwa vidole.

Na anayekataa usitazame jiwe lake kwa lenzi, muage kwa adabu uende zako. Biashara ya madini ina sheria yake ya mwaka 2016, kuchimba kuna kibali na kuuza kuna leseni. Ndani ya mbuga ya Tsavo hamwokoti hata kokoto.

Nisimulie jingine, ambalo ni furaha tupu. Nilipokuwa nafundisha niliwapeleka wanafunzi korongoni huko kwetu. Msichana mmoja akaenda kuleta kuni za kuchemshia chai. Akainama kuokota kigogo, akanyanyuka mikono mitupu. Akainama tena. Akaniita, “Mwalimu, kigogo hiki kimenishinda!” Tukaenda kuona. Kilikuwa na maganda. Kilikuwa na nyuzi za mti. Kilikuwa na alama ya tawi. Nacho kilikuwa jiwe.

Mti ule ulianguka zama za mito ile niliyowatajia. Mchanga ukaufunika upesi kabla haujaoza. Maji yaliyobeba silika, yaani silikoni na oksijeni zile zile za kwatsi, yakapenya ndani yake taratibu, silika ikashika mahali pa ule uti wa mti chembe kwa chembe, hata umbo likabaki na mti ukaondoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilijazwa kwa muda usiohesabika. Kigogo kile pia ni kwatsi. Yule msichana alikaa juu yake akala mkate wake, hakutaka kuondoka. Hatukukichukua, na nyinyi msichukue. Ni kisukuku, na visukuku vinalindwa na sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Pigeni picha, andikeni mahali, waambieni watu wa Makumbusho.

Sasa nitasema jambo zito, na nawaomba waliokuja kutoka kwenye matimbo wanisikilize kuliko wote.

Kaka yangu alianza kukata mawe akiwa na miaka 19. Baba alikata kwa tindo na nyundo, siku nzima, mawe machache. Kaka alikuta mashine, ile grainda yenye kisahani kinachozunguka. Mawe yakawa mengi, na hela zikawa nafuu. Na vumbi je? Vumbi lilikuwa wingu. Akirudi jioni nyusi zake nyeupe, kope nyeupe, tukimcheka tukimwita mzee. Alijifunga leso mdomoni, akadhani imetosha.

Miaka 14 akakata mawe. Akaanza kukohoa. Akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, akameza dawa zote, na kikohozi hakikwenda. Mpaka siku moja daktari kijana akamuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa kabla: “Mzee, unafanya kazi gani?” Kaka akajibu, nakata mawe ya Mazeras. Daktari akaweka kalamu chini.

Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Vumbi la kwatsi lililo dogo kuliko jicho linavyoweza kuona huingia hadi mwisho wa pafu. Mwili hauwezi kuliyeyusha. Hauwezi kulitoa. Unalizungushia kovu, na kovu juu ya kovu, pafu likakakamaa. Hakuna dawa ya kulirudisha lilivyokuwa. Na aliye na silikosi huwa mwepesi zaidi kushikwa na kifua kikuu cha kweli, kwa hiyo vipimo vyote viwili vinahitajika.

Kaka yangu alikufa akiwa na miaka 41. Jiwe linaloipa saa mwendo, jiwe la pete ya babu zetu, jiwe lililonipoza homa. Vumbi lile pia lilikuwa kwatsi.

Nyinyi mnaokata, nawasihi. Kateni jiwe likiwa na maji. Mtu mmoja anakata, mwenzake anamwaga maji kwenye kisahani, au fungeni mpira wa maji kwenye mashine. Najua wenye matimbo wengine husema maji yanachelewesha kazi. Kaka yangu aliambiwa hivyo hivyo. Leso haitoshi, kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la namna hiyo, tafuteni barakoa ya kuzuia vumbi laini, inayobana uso. Kaeni upepo unakotoka. Nguo za kazi msizikung'ute nyumbani mbele ya watoto, ziloweke kwanza. Na ukikohoa, ukifika kwa daktari, usingoje akuulize. Mwambie kazi yako kabla hujakaa kitini.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kwa macho, basi tuwazuie watoto wasiokote mawe? La, mama yangu. Kuokota kokoto hakumdhuru mtu. Ni kukata, kusaga na kuchimbua bila maji ndiko kunakoua. Okoteni pamoja na watoto.

Ndiyo maana Jumamosi tunakwenda. Mwenye timbo moja kule Mazeras ametukubalia kwa moyo mkunjufu, na tutaingia kazi ikiwa imesimama. Gari litatoka hapa saa 12 na nusu asubuhi, si saa moja. Leteni maji lita mbili, kofia, viatu vilivyofunika vidole, na gazeti kuukuu la kufungia mawe. Kila mtu aje na daftari: jiwe likiokotwa linapewa namba, inaandikwa siku, mahali na aliyeliokota, kwa sababu jiwe lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya habari zake. Lenzi ninazo nne, tutapokezana. Na kijana wa Mikindani atakuwepo, ndiye atakayewafundisha kutazama vitone vya hewa. Amekuja leo, amekaa pale mlangoni.

Mimi nitakuja na jiwe la bibi. Litazunguka kuanzia kwa mdogo wenu hadi kwa mkubwa, na kila mmoja ataliweka shavuni.